Uzi: Mlinganyo wa kikemia tuusome kwenye tanuu la chokaa (kwa wanafunzi wa sekondari na wazazi wao)

#1 Mjukuu wa Tanuu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Jioni ya leo nilikuwa na mtoto wa jirani, yuko kidato cha pili. Nikamwambia aandike jinsi haidrojeni na oksijeni zinavyoungana kuwa maji. Akaandika bila kusita:

H₂ + O₂ → H₂O₂

Nikamuuliza mbona umeandika hivyo. Akanijibu, "Ili kila upande uwe na mbili mbili." Na kweli, ukihesabu, zimetoshana. Ila alichoandika si maji. H₂O₂ ni haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya duka la dawa inayotoa povu ukiimwagia kwenye kidonda. Ukimpa mtu glasi ya hiyo anywe, umemdhuru.

Kosa hili nimelikuta kwa watoto wengi mno, na linaniuma kwa sababu halitokani na uvivu. Mtoto amefika sekondari kutoka shule ya msingi alikosomea sayansi kwa Kiswahili, ghafla anakutana na Kemia kwa Kiingereza, anaambiwa "kubalansi", yaani kusawazisha pande mbili, basi anabalansi. Hakuna aliyekaa naye akamweleza kwa lugha anayoiota kwamba namba ndogo ya chini na namba kubwa ya mbele zina kazi mbili tofauti kabisa. Ndiyo maana nimeanzisha uzi huu. Nitaandika kwa Kiswahili tupu, na mfano wangu mkuu ni chokaa, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha mimi.

Babu yangu alikuwa mchoma chokaa, pwani ya kusini mwa Tanga. Tanuu lake halikuwa la matofali. Alipanga magogo kwa duara, safu juu ya safu, katikati akaacha tundu la kuwashia, kisha juu akalundika mawe ya matumbawe. Moto ukishawaka vizuri unalisikia jiwe likipasuka usiku kucha. Baada ya kupoa, jiwe linaonekana vile vile kwa umbo, ila ukiliokota mkono unashtuka: limekuwa jepesi. Nilikuwa na miaka minane au tisa. Nikamuuliza babu uzito umekwenda wapi. Akasema, "Umepanda na moto." Nilipofika sekondari na kuona mstari huu ubaoni, nilijua babu alikuwa amenijibu sawasawa:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Tuusome kama sentensi. Ca ni kalsiamu, C ni kaboni, O ni oksijeni. Kushoto ni kalsiamu kabonati, yaani jiwe la matumbawe lenyewe (na chaki ya asili, na ganda la yai, na la konokono). Mshale unasomeka "inakuwa" au "inatoa". Kulia kuna kalsiamu oksaidi, yaani chokaa iliyotoka motoni na haijaguswa maji, pamoja na hewa ukaa iliyopaa. Namba ndogo 3 chini ya O maana yake ndani ya kabonati moja mna atomu (chembe ndogo kabisa) tatu za oksijeni. Pasipoandikwa namba, ni moja.

Sasa hesabu. Kushoto: kalsiamu 1, kaboni 1, oksijeni 3. Kulia: kalsiamu 1, kaboni 1, oksijeni moja kwenye chokaa na mbili kwenye hewa ukaa, jumla 3. Hakuna kilichopotea, hakuna kilichoongezeka. Kilichobadilika ni nani kashikana na nani.

Na uzito je? Tukilinganisha uzito wa atomu moja moja, kalsiamu ni 40, kaboni 12, oksijeni 16. Jiwe: 40 + 12 + 48 = 100. Chokaa: 40 + 16 = 56. Hewa ukaa: 12 + 32 = 44. Kwa hiyo kilo 100 za jiwe safi, likiungua lote, zinaacha kilo 56 za chokaa. Kilo 44 zimepanda na moto. Huo ndio wepesi niliousikia mkononi nikiwa mtoto.

Aliyeisimamisha hoja hii kwa mizani ni Mfaransa Antoine Lavoisier. Katika kitabu chake cha mwaka 1789 aliandika wazi kwamba kiasi cha maada kabla na baada ya badiliko ni kile kile. Kazi iliyompa fedha ilikuwa ukusanyaji wa kodi za mfalme, na kazi hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye gilotini, mashine ya kukatia vichwa, Mei 1794. Napenda kuwaambia watoto habari hii, kwa sababu mlinganyo ukiutazama ni daftari la hesabu: kilichoingia lazima kionekane kilikokwenda.

Nitaendelea. Maswali karibu.

#2 Mama Kidato

Asante sana mleta uzi. Mwanangu yuko kidato cha pili pia na Kemia ndiyo inayomtoa machozi. Mimi niliishia darasa la saba lakini hapo kwenye kilo 56 nimeelewa. Swali langu: hizo herufi zinatoka wapi? Kalsiamu Ca sawa, lakini chuma kwa nini Fe? Mtoto ananiuliza sina jibu.

#3 Mjukuu wa Tanuu

Mama, swali zuri sana.

Utaratibu wa kutumia herufi uliwekwa na Berzelius, mkemia wa Uswidi, miaka ya 1813 na 1814. Alichukua majina ya Kilatini. Chuma kwa Kilatini ni ferrum, ndiyo Fe. Shaba ni cuprum, Cu. Fedha argentum, Ag. Dhahabu aurum, Au. Risasi plumbum, Pb.

Mwambie mwanao kuna moja inayotuhusu. Sodiamu inaandikwa Na, kutokana na natrium, na hilo limetokana na natroni, yaani magadi. Ziwa Natron lililo kaskazini mwa Tanzania linabeba jina hilo hilo. Kwa hiyo akiona Na akumbuke magadi, hatasahau tena. Jambo moja asilegeze: herufi ya kwanza kubwa, ya pili ndogo. Co ni kobalti, metali. CO ni kaboni monoksaidi, gesi inayoua. Mwandiko mbaya hapo unabadilisha kitu kizima.

Tena kuna elementi saba ambazo atomu zake hazikai moja moja zikiwa huru, hutembea mbili mbili: haidrojeni, naitrojeni, oksijeni, florini, klorini, bromini na iodini. Ukiandika oksijeni ya hewani, andika O₂. Nusu ya makosa ninayosahihisha yanaanzia kwenye O iliyoachwa pekee yake.

#4 Kaka wa Mbagala

Mkuu, mfano wa chokaa ni mtamu ila umejisawazisha wenyewe. Tupe unaokataa. Tunapikia gesi, tuanze na hiyo.

#5 Mjukuu wa Tanuu

Sawa kaka. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Tuanze na propani, C₃H₈. Inaungua na oksijeni, inatoa hewa ukaa na maji. (Ndiyo, maji. Injika sufuria baridi yenye maji ya bombani, dakika ya kwanza tazama ubavuni kwa chini: utaona jasho. Sehemu kubwa ya unyevu huo umezaliwa ndani ya moto.)

Kwanza andika vitu vyenyewe kwa usahihi, usijali idadi:

C₃H₈ + O₂ → CO₂ + H₂O

Kuanzia hapa namba ndogo ni haramu kuzigusa. Kilichomo ndani ya molekuli (kundi la atomu zilizoshikana) kimeshaamuliwa na maumbile, wewe unachoruhusiwa ni kuongeza idadi ya molekuli, kwa namba kubwa inayokaa mbele. Ni kama kufunga mizigo ya sokoni: unaruhusiwa kuagiza magunia mangapi, huruhusiwi kufungua gunia na kupunguza kilichomo.

Kaboni kushoto ni 3, kwa hiyo zitoke hewa ukaa 3. Haidrojeni kushoto ni 8, kila molekuli ya maji inachukua 2, kwa hiyo maji 4. Oksijeni nimeiacha mwisho makusudi, kwa sababu kushoto iko pekee yake na ni rahisi kuirekebisha bila kuvuruga wengine. Kulia sasa kuna 3 × 2 = 6 na 4 × 1 = 4, jumla 10. Kushoto zinakuja mbili mbili, basi 5.

C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O

Kaboni 3 na 3. Haidrojeni 8 na 8. Oksijeni 10 na 10.

Butani ndiyo inayokataa. C₄H₁₀: hewa ukaa 4, maji 5, oksijeni zinazohitajika 8 + 5 = 13. Kumi na tatu hazigawanyiki kwa mbili. Watoto wengi wanakwama hapa, na wengine wanaanza kuchokoza namba ndogo. Dawa ni kuzidisha kila kitu mara mbili:

2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O

Na gesi asilia, ile ya Songo Songo iliyogunduliwa mwaka 1974 na leo inaendesha mitambo ya umeme na baadhi ya bajaji za Dar, sehemu yake kubwa ni methani. Hiyo naiacha kwako: CH₄ + O₂ → CO₂ + H₂O.

#6 Kaka wa Mbagala

CH₄ + 2O₂ → CO₂ + 2H₂O. Oksijeni 4 na 4. Miaka yote hii nilidhani ni jambo la watu wenye akili za pekee.

#7 Hesabu Kwanza

Mleta uzi, naomba nitofautiane nawe kidogo. Hiyo ya kujaribu na kurekebisha ni sawa kwa mlinganyo mdogo. Mkubwa ukija mtoto atazunguka. Mfundisheni kwa aljebra tangu mwanzo. Butani: a, b, c, d ziwe namba za mbele. Kaboni inasema 4a = c. Haidrojeni inasema 10a = 2d. Oksijeni inasema 2b = 2c + d. Weka a = 2, unapata c = 8, d = 10, b = 13. Hakuna kubahatisha.

#8 Mjukuu wa Tanuu

Mkuu, njia yako ni sahihi na mimi mwenyewe huitumia milinganyo ikiwa mikubwa. Ila kwa mtoto wa kidato cha pili naikataa, na nitakataa hata kesho. Aljebra inampa jibu bila kumlazimisha kuona kitu. Atapata 13 na hatajua kwamba 13 ni molekuli za oksijeni zinazoingia kwenye jiko la mama yake. Akishahesabu kwa mkono milinganyo thelathini, mpe aljebra, atakushukuru.

#9 Mwashi wa Lamu

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Tanga na kwingineko. Mimi ni mwashi, chokaa ndiyo riziki yangu. Nimesoma hapo juu nikafurahi, lakini umeishia tanuuni. Sisi tukishaimwagia maji tunaitia kwenye shimo, juu tunaiachia maji yaifunike, inakaa miezi na miezi na haigandi. Ukiitoa ukapaka ukutani, inakuwa jiwe. Wazee walitufundisha tu kufanya hivyo. Hiyo kemia yenu inasemaje?

#10 Mjukuu wa Tanuu

Wa alaykum salaam, fundi. Umenigusa pale hasa nilipotaka kufika.

Kwanza maji. Siku moja babu aliweka jiwe moja lililoungua juu ya bati, akalimwagia kikombe kimoja cha maji, akanivuta nyuma kwa shati. Kwa muda jiwe lilikaa kimya likinywa. Halafu likaanza kutoa sauti kama ya mafuta kikaangoni, likachanika, mvuke ukatoka, na mbele ya macho yangu likavimba na kubomoka kuwa unga mweupe. Hapakuwa na moto hata chembe. Joto lote lilitoka kwenye kuungana kwenyewe:

CaO + H₂O → Ca(OH)₂

Tafadhali wote tazameni hayo mabano. OH ni kundi, na 2 iliyo nje ya mabano inalizidisha kundi zima: oksijeni 2, haidrojeni 2. Kwa nini makundi mawili? Kalsiamu ina mikono miwili ya kushikia, ndiyo tunayoiita valensi, na OH ina mmoja. Mtoto akiandika CaOH₂ bila mabano, ameandika oksijeni 1, na kulia na kushoto havitatoshana hata akeshe.

Sasa swali lako fundi. Chokaa haigandi kwa kukauka peke yake, kama udongo unavyokauka. Inakuwa jiwe kwa kuvuta hewa ukaa kutoka hewani:

Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃ + H₂O

Maji mnayoacha juu ya shimo ni kifuniko. Hewa ukaa haipiti humo kwa kiasi cha maana, kwa hiyo chokaa inabaki laini. Ukiipaka ukutani, hewa inaifikia, inaanza kuwa jiwe kutoka nje kwenda ndani, polepole. Nadhani unajua pia kwamba ukuta mpya wa chokaa hunyunyiziwa maji usikauke upesi. Ni kwa sababu hewa ukaa inahitaji unyevu ili iyeyuke na kufanya kazi. Kemia inakubaliana na wazee wako neno kwa neno.

Halafu tazama kilichozaliwa kulia: CaCO₃. Ni jiwe lile lile tulilolitia tanuuni. Zile 44 zilizopanda na moto zimerudi kutoka hewani na kukaa ukutani. Kuta za Kilwa Kisiwani na za Mji Mkongwe wa Unguja zimeshikamana kwa matumbawe yaliyobomolewa kwa moto yakajijenga upya kwa pumzi ya hewa. Kila nikiandika milinganyo hii mitatu mfululizo ubaoni, moyo wangu unafurahi kama mara ya kwanza.

#11 Mwashi wa Lamu

Allah akujaze kheri. Miaka ishirini na mbili natia maji shimoni, leo nimejua nafunika nini. Nami niwape moja: nyumba kongwe ya chokaa msiipige plasta ya saruji. Inauziba ukuta, unyevu unabaki ndani, mwisho plasta inabanduka na mawe. Nimeitwa kurekebisha kuta kama hizo mara nyingi.

#12 Binti Mchele

Samahani wakuu, natoka kidogo nje ya chokaa. Huku kwetu majirani walilala na jiko la mkaa ndani kwa ajili ya baridi, wakakimbizwa hospitali asubuhi. Watu wanasema mkaa uliokwisha kuwaka vizuri hauna moshi kwa hiyo hauna shida. Mlinganyo unaweza kulieleza hilo?

#13 Mjukuu wa Tanuu

Pole sana kwa majirani, na umefanya vema kuuliza. Si nje ya mada hata kidogo.

Mkaa karibu wote ni kaboni. Hewa ikitosha:

C + O₂ → CO₂

Hewa ikipungua, kila kaboni inapata oksijeni moja badala ya mbili:

2C + O₂ → 2CO

Linganisha mistari hiyo miwili. Kaboni ni ile ile, oksijeni ni ile ile, tofauti ni mgawo. Ule wa pili ni kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na inashika damu mahali pa oksijeni, kwa nguvu kuliko oksijeni yenyewe. Mtu analala na haamki. Moshi hauna habari na jambo hili, kwa hiyo macho na pua havitakuonya.

Umewahi kuona usiku ndimi za moto wa samawati zikicheza juu ya makaa? Hiyo ni CO inayokutana na hewa juu ya jiko na kuungua:

2CO + O₂ → 2CO₂

Jikoni penye uwazi inaungua na kutawanyika. Chumbani kulikofungwa madirisha oksijeni inazidi kupungua, nayo inazidi kuzalishwa. Tafadhali, yeyote anayesoma, jiko la mkaa lisilale na watu chumbani. Hata dakika chache, hata likiwa na makaa machache.

#14 Hesabu Kwanza

Kwa #13 nakuunga mkono kwa mikono miwili. Mwalimu akianza na milinganyo hiyo miwili, mtoto hatauliza tena "hii itanisaidia nini".

Nyongeza kwa wanafunzi: kwenye mtihani mkiambiwa muoneshe hali ya kitu, wekeni herufi ndogo baada ya kila fomula, s kwa yabisi, l kwa kimiminika, g kwa gesi, na aq kwa kilichoyeyuka majini. Maji ya kimiminika ni l, msiweke aq. Alama zinapotea hapo bure.

#15 Mama Kidato

Nimemsomea mwanangu uzi wote, yeye na daftari lake. Ameandika ile ya tanuu na ya ukutani bila kutazama. Anaomba apewe moja afanye mwenyewe.

#16 Mjukuu wa Tanuu

Mpe hii. Sodiamu bikabonati, ile tunayotia kwenye maandazi na keki, ikipata joto la jikoni inatoa hewa ukaa inayoumua unga:

NaHCO₃ → Na₂CO₃ + H₂O + CO₂

Aanze na sodiamu. Namba ndogo asiziguse.

#17 Mama Kidato

Ameandika 2NaHCO₃ → Na₂CO₃ + H₂O + CO₂.

Nilimwona akihesabu oksijeni kwa vidole, kushoto sita, kisha kulia: tatu, moja, mbili. Akarudia tena tangu mwanzo. Halafu akaniambia, "Mama, zimetimia, na sijagusa namba ndogo."